Barua kwa Mwanangu: Usirudi Lamu Kujifungua

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote wazima, alhamdulillah. Babako akusalimu sana, na nyanyako hainuki kwenye msala ila amekuombea.

Nimepata ujumbe wako kwamba mimba ikiingia mwezi wa nane unataka kuja kujifungulia nyumbani, ukae arobaini yako chumbani mwangu kama walivyokaa dada zako. Hilo nalitamani kukushinda wewe. Lakini usirudi, mama. Nitakuja mimi.

Madaktari wanaokutibu hii saratani ya titi wako Mombasa, na faili lako liko kwao. Walitueleza mbele ya mumeo: kemo, yaani dawa za kuua saratani, haitolewi miezi mitatu ya mwanzo ya mimba kwa sababu ndipo viungo vya mtoto vinapoumbwa. Baada ya hapo ziko dawa ambazo mjamzito huweza kupewa, nazo ndizo unazotiwa. Ikikaribia wiki ya 35 zitasimamishwa, ili damu yako na ya mtoto ipate nguvu kabla ya uchungu. Kemo hushusha zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Sasa ushikwe na homa usiku wa manane ukiwa huku! Tutafute boti ya kutuvusha hadi Mokowe, tupate gari, tupite Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, zaidi ya kilomita 300, nawe mzazi wa juzi na kichanga mkononi. Siwezi kuliridhia hilo hata kama mila inanidai.

Najua pia kuna wanaokupigia simu. Mmoja kakwambia uache dawa mpaka uzae, mwengine kakwambia bila mimba kutoka huponi. Wote wanakupenda, lakini hakuna aliyesoma majibu ya kile kinyama ulichokatwa kikapimwa. Daktari nilimuuliza mwenyewe. Akasema kutoa mimba peke yake hakuponyi saratani ya titi, na uvimbe nao hautakaa kungojea mtoto azaliwe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amesema Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Dua tunakusomea kila Alhamisi usiku. Ile chupa ya mitishamba aliyokutumia jirani usiionje kabisa. Hatujui itafanya nini ikikutana na kemo, na tumboni mwako yumo mtu.

Siku ile niliyokaa nawe kwenye dawa nyekundu siisahau. Mkono mmoja umeunyoosha kwenye dripu, wa pili uko juu ya tumbo. Mtoto akapiga teke, ukashtuka, sindano ikacheza. Muuguzi alikuja mbio kuitazama, akabonyeza taratibu pembeni mwa mshipa akikuuliza kama panawasha, kwa kuwa dawa ile ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Wewe ulichouliza ni kimoja tu: je, naye inamuunguza? Nilitoka nje kulia, nikarudi.

Kwa hiyo nimelishika sana lile jibu alilokupa daktari. Kuna utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2015. Watoto 129 ambao mama zao waligunduliwa saratani wakiwa na mimba walipimwa wakiwa bado wadogo, wakalinganishwa na watoto wa mama wazima, na akili zao hazikuonekana na tofauti. Waliokuwa nyuma kidogo ni waliozaliwa kabla ya wakati wao, na hilo huwapata hata njiti ambao mama zao hawakuugua. Ndiyo maana daktari hataki kuharakisha kukuzalisha. Kila wiki anayobaki tumboni ni faida yake. Ukilala na wasiwasi usiku, likumbuke hili kwanza kabla ya maneno ya simu.

La maziwa najua ndilo linalokuliza. Ukishazaa utarudi kwenye dawa zilizobaki, kisha mionzi, ambayo huahirishwa mpaka mtoto atoke. Dawa hupita kwenye maziwa, kwa hivyo hutaweza kumnyonyesha. Lia, mama, usijizuie. Hata mimi naliona zito. Dadako wa Majengo bado ananyonyesha, na amesema mwenyewe, bila kuombwa, kwamba wako atampa ziwa. Tutamuuliza daktari vipimo gani afanyiwe kwanza. Akikubaliwa, watoto hao watakuwa ndugu wa kunyonya, na kheri iliyoje. Asipokubaliwa, yako maziwa ya kopo, na wengi wamelelewa nayo wakawa watu wazima wenye afya zao.

Khalati yako wa Kibokoni, huko huko Mombasa, ametutengea chumba cha chini usihangaike na ngazi. Nimemwambia asifukize udi, kwani harufu yake sasa inakutapisha. Nitakuja na kanga zako, mafuta ya kukukanda miguu, na samaki mkavu kwa ajili ya mumeo. Kadi ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, mwambie aiangalie mapema kama michango imelipwa, tusije tukasumbuana dirishani siku ya kujifungua. Na swali moja nataka umuulize daktari kabla sijafika: je, kondo litapimwa ukishazaa? Ni nadra sana saratani kufika huko, lakini nataka tujue.

Kipimajoto kisitoke karibu na mto wako. Kikisoma 38, usimeze panadoli ukalala kungojea kupambazuke, wala usinipigie mimi kwanza. Mumeo akupeleke saa hiyo hiyo, na mukifika museme pale mlangoni: yuko kwenye kemo na ana mimba. Mimi mutanipigia mukiwa njiani.

Mamako,
Lamu