Risiti yako nimeisoma mara mbili

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu Wafula,

Hatujambo. Baba yako kikohozi kimemwacha, na mvua imetunyeshea wiki nzima, nguo hazikauki.

Ile picha ya risiti uliyonitumia nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Shilingi 3,460. Chini yake umeandika, "Mama, nimeokoa karibu elfu mbili." Halafu Alhamisi ukanipigia kuniomba mia tano ya unga! Baba, hapo niliona simu haitatosha, afadhali nikuandikie.

Sikugombezi. Hilo duka la vyakula vya ng'ambo kwa bei ya kutupa nalielewa kuliko unavyodhani. Nilipanga rafu za supamaketi miaka 11, tena katika mji uliozaa supamaketi: Nakumatt ilianza hapa Nakuru ikiuza magodoro, na Naivas ikaanzia hapo Rongai mwaka 1990. Bidhaa ikikaribia tarehe yake, au kampuni ikibadilisha paketi, au ikiagizwa jibini nyingi kuliko walaji, haitupwi. Kuna mtu huja kuichukua kwa bei ya chini, na ndiye anayekuuzia wewe. Mali nyingi ni nzima kabisa. Ila mwenye duka ana haraka, na haraka yake anakuuzia pamoja na mzigo.

Sasa tuishike hiyo risiti. Siagi, jibini, chokoleti. Wafula, huna friji! Hapa kwetu tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, siagi inakaa mezani asubuhi inakataa hata kupakwa. Huko Kisumu, kando ya ziwa, mmeshuka mita mia saba na zaidi, na joto unalijua. Umeniambia mwenyewe chokoleti ilifika Mamboleo ikiwa uji, na jibini ukaimaliza usiku ule ule isije ikaharibika. Ulikula kwa kushindana na jua. Siku utakayonunua friji tutaongea habari za jibini.

Makopo mawili ya maharagwe ya Italia. Kwanza, mjukuu wa bibi yako ananunua maharagwe ya kopo, sawa, nimenyamaza. Lakini umesema yalikuwa ya bei nusu kwa sababu yamebonyea. Kopo lililobonyea shika hivi: lizungushe mkononi, upitishe kidole gumba kwenye ukingo wa juu, wa chini, na ule mshono wa ubavuni. Kama limebonyea katikati tu, na pale palipobonyea hapana kona kali, halina neno. Likibonyea kwenye ukingo au mshono, rudisha, maana hewa huingilia hapo. Na likiwa limevimba, kifuniko kinapanda na kushuka ukikibonyeza, usilinunue hata kwa bure, na kama liko nyumbani usilifungue wala usionje. Sumu ya kopo lililovimba huenda isitoe harufu yoyote.

Njugu sizipendi kwenye maduka ya namna hiyo. Mafuta yake huchacha zikikaa, na hujui zilikaa wapi kabla ya kufika hapo. Kuna sumukuvu pia, ile iliyofanya KEBS, shirika la viwango, isimamishe aina tano za unga wa mahindi Novemba 2019, na kupika hakuimalizi. Njugu nunua sokoni unapoziona kwa macho, uchague zisizosinyaa wala kubadilika rangi.

Pasta ulifanya vizuri, hukaa hata mwaka. Lakini umeilipia 120 kwa gramu 400, na ile ya kawaida ya gramu 500 naijua kwa 140. Piga hesabu kwenye simu: hiyo ya "ofa" ni shilingi 30 kwa kila gramu 100, ile nyingine ni 28. Paketi ilipunguzwa, bei ikapunguzwa kidogo, wewe ukaona kibandiko chekundu tu. Nimebandika vibandiko hivyo mimi mwenyewe, najua vinavyofanya kazi.

Tarehe nazo ziko za aina mbili. Kuna inayosema chakula ni kitamu zaidi kabla ya siku fulani. Biskuti au pasta ikipita wiki mbili hapo haikuui. Na kuna inayosema mwisho wa kutumia. Hiyo usibishane nayo, hasa kwenye nyama na maziwa.

Maziwa yenyewe yalinifunza. Ulikuwa darasa la pili nilipoleta katoni mbili za yale ya paketi yasiyohitaji friji, bei nusu, zimebaki siku tisa. Nikajiambia yakizidi nitayagandisha yawe mala. Kumbe maziwa yale yamepashwa moto mpaka vijidudu vya kugandisha vyote vimekufa. Hayakuganda, yalinuka tu. Paka wa jirani alinusa akaondoka.

Kwa hiyo ukiingia tena hapo, kabla kitu hakijaingia kikapuni kiulize: nitakupika siku gani, na nini? Ukikosa jibu, kirudishe, hata kama bei ni ya kuchekesha. Mimi ningebeba mchuzi wa soya (chumvi yake yenyewe huulinda), siki, majani ya chai, basmati kama hesabu inakubali, ingawa mchele wa Ahero uko hapo mlangoni kwako. Sabuni pia. Na kitu kimoja kidogo cha kujifurahisha, kwa sababu umefanya kazi mwezi mzima. Kimoja. Unga, chumvi na mafuta ya kupikia viwe vimeshanunuliwa kwanza. Mboga na omena usizitafute huko, nenda soko la Kibuye Jumapili.

Jumamosi nitakutumia gunia dogo la viazi na kabichi nne kwa matatu ya asubuhi. Dereva nitampa namba yako, uwe stejini kabla ya saa saba, usiniachie mzigo juani. Viazi vimwage sakafuni penye giza, usiviache ndani ya gunia.

Na ile chupa ya mafuta ya zeituni, kama hujaifungua, iweke kabatini mbali na mwanga, uniletee Desemba. Dada yako anasema yanafaa nywele.

Mimi mama yako.