Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina, na habari za ada zilizolala atazisema yeye, kwa upole kunizidi. Mimi nitakaa zaidi kwenye vikao vyetu vya kusoma, ambavyo mwaka huu tulivitumia kwa mtu mmoja: Annie Altschul, muuguzi wa afya ya akili aliyekuja kuwa profesa.

Kwa ambao hawakuhudhuria: alizaliwa Vienna mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi, akasoma hisabati chuo kikuu. Machi 1938 Hitler akaitwaa Austria, Wayahudi wakafukuzwa vyuoni, na mwaka huohuo akakimbilia London. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulea watoto wa watu. Hapo kikao kilichangamka, kwani wapo kati yetu sisi wauguzi waliofika Uingereza na vyeti vyao wakaanzia kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Narudia nililosema siku ile: kufanana huko kuna mpaka. Wengi wetu tuna kwetu pa kwenda likizo; yeye kwao walikuwa wanamwinda.

Akaingia uuguzi. Tusidhani wakimbizi walipokewa kwa mikono miwili. Mwaka 1940, hofu ya uvamizi ilipopanda, wauguzi wakimbizi wengi walisimamishwa kazi hospitalini kwa kuwa karatasi zao ziliwaita raia wa nchi adui. Hospitali zenyewe zilikuwa na uhaba wa wauguzi.

Wakati wa vita alifanya kazi Mill Hill, shule iliyogeuzwa hospitali, ambako sehemu ya Maudsley, hospitali ya magonjwa ya akili ya London, ilihamishiwa. Wanajeshi waliletwa wakilalamika mapigo ya moyo na kuhema. Wakipimwa, moyo mzima. Walikalishwa kwa makundi, wakaelezwa mwili unavyofanya hofu inapoupata, kisha wakaulizana maswali wenyewe kwa wenyewe. Muuguzi hakuwa mlinzi wa mlango tena, alikuwa sehemu ya tiba. Afya ya akili ikawa kazi yake ya maisha.

Akafundisha Maudsley, kisha mwaka 1964 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikokuwa profesa wa uuguzi kuanzia 1976 hadi 1983. Vyeo sivyo vilivyotushika. Kilichotushika ni utafiti wake uliochapishwa mwaka 1972, alipochunguza wodini nani anaongea na nani. Aligundua kwamba wauguzi hawakuwa na nadharia yoyote ya wazi iliyoongoza mazungumzo yao na wagonjwa. Mwanachama mmoja akauliza, je, akija wodini kwetu leo ataandika nini? Tulicheka, kisha tukanyamaza kidogo. Zamu nzima inaishia kwenye kompyuta, na mgonjwa aliye kimya anahesabiwa kuwa hana tatizo.

Baadaye aliandika waziwazi kwamba yeye mwenyewe aliugua sonona. Profesa wa fani hiyohiyo! Kwa maoni yangu huo ulikuwa ujasiri mkubwa kuliko vitabu vyake vyote, maana sisi tukiugua tunasema ni malaria au uchovu. Alifariki mwaka 2001, akiwa na miaka 82.

Kutokana na vikao hivyo, kamati inapendekeza tuwe na wanachama wawili watakaopokea simu za wenzetu waliolemewa, bila kuandika jina la mtu popote. Pendekezo litapigiwa kura leo, kabla ya uchaguzi wa katibu. Wenye ada za nyuma wanaruhusiwa kuchangia hoja, ila kura hawana. Katiba ndiyo inavyosema.