Mwanangu, kabla hujanunua hiyo nyambizi

Mwanangu mama,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umenitajia nyambizi tano, modeli za plastiki za kuunganisha, alafu mwisho ukaandika "baba chagua moja, jibu fupi tu", sasa jibu fupi kwa mtu kama mimi utalipata wapi, si unanijua. Chukua maji ya kunywa ukae.

Unalikumbuka lile dude la kijivu juu ya kabati chumbani kwetu, ambalo mama yako analipangia mitandio? Ile ni Gato, nyambizi ya Wamarekani ya vita kuu ya pili, skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko yenyewe. Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 95, ukigawa kwa 72 unapata kama sentimita 132, na hiyo hesabu mimi niliifanya boksi likiwa limeshafika nyumbani. Nilikuwa na moto sana siku ile, nikaunganisha vipande vyote vya bodi kwa siku moja bila kuvijaribu kwanza vikavu, gundi ikakauka bodi ikiwa imejikunja kidogo, yaani ukiichungulia kutoka omo mpaka tezi unaona mkuku umekwenda kama nyoka. Alafu yakaja yale matundu. Nyambizi za enzi zile zina safu za matundu ubavuni, maji yanaingilia humo kwenye lile ganda la juu chombo kikizama na yanatokea humo kikiibuka, na kwenye plastiki kuna mengine yanakuja kama vijishimo tu vya kuchora, hayajatoboka. Nikasema mimi natoboa yote, moja baada ya lingine, kwa kidrili cha mkono. Nilifika nusu ya ubavu mmoja. Hiyo nusu iliyobaki ndo mitandio imelalia.

Kwahiyo kabla hujaniuliza ipi ina historia kali, kaulize itakaa wapi. Kata boksi gumu kwa urefu kamili wa modeli, liweke pale unapotaka modeli ikae, uishi nalo wiki nzima. Ukijigonga nalo mara mbili usinunue.

Haya tuje kwenye orodha yako. Ile Typhoon ya Wasovieti naona umeiweka namba moja kwasababu ni kubwa kuliko nyambizi zote zilizowahi kujengwa, mita 175, na kwa skeli ya 1/350 inakuja nusu mita kamili, sio mbaya. Ila mama, ukweli ni kwamba ile ni kama soksi nyeusi. Bodi mbili, mnara, propela mbili, basi, umemaliza kuunganisha kabla ya jioni. Kazi yote inabaki kwenye ule mshono mrefu wa kati, unaujaza, unapiga msasa, unapuliza rangi, mshono unaonekana tena, unarudia. Na nyeusi yenyewe usiiamini hata kidogo, ukipaka nyeusi tupu kitu kidogo kinageuka kuwa toy, inabidi uchanganye na kijivu iwe kama tairi iliyokaa juani. Kama unataka kujifunza kupaka rangi na mshono tu, inafaa. Kama unataka kitu cha kukaa unakichungulia na kugundua jipya kila siku, hapana.

Nautilus nayo sina la kuisema vibaya, ndo nyambizi ya kwanza ya nguvu za nyuklia, ilizinduliwa Januari 1954, Agosti 3, 1958 ikapita chini ya barafu mpaka Ncha ya Kaskazini na watu 116 ndani yake, na sasa hivi imetulia kule Groton, Connecticut, watu wanaingia kuitembelea. Sentimita 28 kwa 1/350. Safi, ndogo, inakaa popote. Ila wewe ukiisema sauti yako haibadiliki, na mi nasikiliza sauti.

Sauti yako inabadilika kwenye I-400. Hiyo nakuelewa kabisa, nyambizi inayobeba ndege nani asiipende. Wajapani walijenga chombo cha mita 122, juu yake wakaweka bomba refu lisiloingiza maji, ndani ya bomba ndege tatu aina ya Seiran mabawa yamekunjwa, chombo kinaibuka usiku, ndege inatolewa, inafunguliwa mabawa, inarushwa, chombo kinazama tena. Mpango wao mkubwa ulikuwa kwenda kupiga milango ya mfereji wa Panama, na mafuta ya kufika huko na kurudi walikuwa nayo tele, ila mpango huo ukaachwa, na vita ikaisha kabla hazijashambulia popote. Wamarekani wakazichukua, wakazichunguza, na 1946 wakazizamisha karibu na Hawaii maana Wasovieti nao walikuwa wanataka kuja kuchungulia. I-400 yenyewe ilikuja kuonekana tena chini ya bahari 2013.

Stori tamu. Sasa hesabu. Kwa 1/350 chombo ni sentimita 35, vizuri, lakini Seiran inakuwa na urefu wa sentimita 3, mabawa kidogo zaidi ya hapo. Zile nguzo za miguu ya ndege utazishika na koleo ya nyusi, utapiga chafya, moja itaruka, na utatambaa sakafuni na tochi saa nzima. Mimi nimetambaa. Kuna vipande vyangu naamini viliondoka hapa duniani kabisa. Sikukatazi ila usiifanye ya kwanza, iweke ya tatu, mikono ikishazoea.

Ya Wajerumani sasa, Type VII, hapa ntakaa kidogo. Hii ndo karibu kila mtu anaanza nayo, na sababu ipo. Ya aina ya VIIC pekee zilijengwa zaidi ya 500, picha zake zimejaa, na moja nzima ipo Laboe kaskazini mwa Ujerumani, U-995, imewekwa pale ufukweni tangu 1972 watu wanaingia mlango huu wanatokea ule, kwahiyo ukikwama kwenye kitu chochote picha yake utaipata. Na ni nzuri kuipaka rangi kwasababu haikuwahi kuwa safi. Miezi baharini, chumvi, kutu inateremka kutoka kwenye yale matundu, deki la mbao limepauka, hapo ndo unacheza na chumvi ya jikoni chini ya rangi, ukiisugua inabanduka inaacha madoa kama chuma kilichochubuka, na rangi ya mafuta uliyoiyeyusha unaivuta na brashi kuelekea chini, siku zote kuelekea chini, kutu haipandi juu hata siku moja. Waya wa antena usinunue, chukua kile kijiti cha plastiki kinachobaki ukishakata vipande, kiweke karibu na mshumaa mpaka kilainike, vuta taratibu mikono miwili, unapata uzi mwembamba kuliko unywele.

Ila Type VII inataka uamue kitu ambacho wengi hawaamui, unajenga chombo kipi cha siku ipi. Ile minara ilibadilishwa vita ikiwa inaendelea, ndege za maadui zilivyozidi wakaongeza jukwaa la bunduki nyuma, wakatoa mzinga wa deki, ikawa mwaka 1941 ina sura hii na 1944 ina sura ile. Ukichukua mnara wa 1944 ukaubandikia nembo ya fahali wa U-47, ile ya nahodha Prien iliyoingia Scapa Flow, kituo cha jeshi la majini la Waingereza, Oktoba 1939 ikaizamisha meli yao ya vita Royal Oak, umeunganisha kichwa cha mtu na miguu ya mtu mwingine. Na U-47 yenyewe ilikuwa VIIB, fupi kuliko VIIC kwa kama sentimita 60, ambayo kwa 1/72 ni milimita 8, hiyo hata mi nakusamehe. Mnara sikusamehi.

Na kuna jambo lingine kuhusu hizi za Wajerumani, siwezi kulipita. Mabaharia kama 40,000 walitumika kwenye nyambizi zao vita ile na kama 30,000 hawakurudi, na kabla hawajafa wao walishazamisha meli za mizigo zenye watu ambao hata bunduki hawakuwa nazo. Mi nilikaa muda mrefu bila kuzijenga kwasababu hiyo. Baadae nikaona nikianza kuchuja hivyo sibaki na nyambizi hata moja, maana hakuna iliyojengwa kwa ajili ya kuvua samaki. Kwahiyo jenga kama unataka, ila ijengwe na mtu anayejua ni kitu gani kiko mezani kwake.

Ambayo inanileta kwenye ile uliyoiweka mwisho kabisa, karibu usiitaje, Hunley. Nilivyoona jina lake nikasema mtoto huyu ni wangu kweli.

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Hunley usukani ilikuwa nao, na ikazama mara tatu. Ilijengwa Mobile, Alabama 1863, Wamarekani wa Kusini na wa Kaskazini wakiwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, ikapelekwa bandari ya Charleston kulekule Kusini, haina injini, haina umeme, ni bomba la chuma la mita 12 hivi, ndani watu saba wamekaa mstari mmoja wanazungusha wenzo mrefu kwa mikono ndo unaozungusha propela, wa nane yuko mbele anaongoza. Huwezi kusimama humo. Mara ya kwanza ikazama kwenye majaribio ikaua watano, wakaitoa. Mara ya pili ikaua wanane, na Horace Hunley mwenyewe, mwenye jina lake, akiwemo. Wakaitoa tena, wakaisafisha, na watu wanane wengine wakaingia. Hapo ndo mi huwa nanyamaza kidogo, yaani unaingia kwenye bomba ambalo unajua waliotoka humo walitolewa vipi.

Usiku wa Februari 17, 1864 wakaenda na baruti iliyofungwa kwenye fimbo ndefu ya chuma puani mwa chombo, wakaizamisha Housatonic, meli ya upande wa Kaskazini. Ilikuwa mara ya kwanza duniani nyambizi kuzamisha meli ya vita. Wao hawakurudi. Waliokufa ndani ya kile chombo kwa jumla ni 21, na kwenye meli waliyoizamisha walikufa watano. Na usisahau walikuwa wanapigania upande gani, upande uliotaka watu weusi waendelee kuwa watumwa. Hilo nalo liandike kwenye kibao cha chini ya modeli, usiliache nje kwasababu ushujaa wao unasisimua.

Sasa utamu wa kuijenga uko hapa. Chombo kilipatikana 1995, kikaibuliwa Agosti 8, 2000, na kabla ya hapo michoro na modeli nyingi zilikuwa zinaionyesha kama boila la zamani lililofungwa haraka haraka, ribiti, zile pini za kushikizia bati, zimevimba kila mahali. Ilivyotoka majini ikaonekana ni nyembamba, imechongeka kama samaki, ribiti zimelazwa sawasawa na bati ili maji yasishike. Kwahiyo ukipata seti au mchoro wa zamani utaijua kwa ribiti, na kama unazo unaziparua na tupa na msasa zote, kazi ya siku moja. Ndani wakakuta mpaka sarafu ya dhahabu ya nahodha, luteni George Dixon, imepinda, ile iliyompokelea risasi kwenye vita ya Shiloh 1862, na ameichonga maneno ya kwamba ndiyo iliyomwokoa. Alikuwa anatembea nayo mpaka humo.

Kwa skeli ya 1/35 inakuja sentimita 34, urefu wa rula yako ya shule na kidole juu yake, na kwa kuwa 1/35 ndo skeli ya watu wa vifaru utapata vijisanamu vya watu wengi wa kuwageuza, kila mmoja kama sentimita 5. Unaacha ubavu mmoja wazi, unaona wenzo, unaona saba wameinama. Mikono yao ndo kazi yenyewe, kila mkono lazima ushike wenzo kwa pembe yake. Vipande vichache, muda mrefu kwa kila kipande. Ukikosea mkono mmoja unaukata unautengeneza upya, haujaharibu sentimita 132 za plastiki.

Uliuliza pia kama yoyote inaweza kuzama kweli kwa rimoti. Inawezekana ila hizo ni kazi nyingine kabisa, kwanza rimoti za kawaida za siku hizi za 2.4 GHz mawimbi yake hayapiti kwenye maji, wanaotumia wanarudi kwenye masafa ya chini ya zamani, na baharini hata hayo hayafiki mbali kwasababu ya chumvi. Achana nalo kwa sasa.

Mi ningeanza na Hunley. Lakini nakujua, utasoma yote haya alafu utachukua I-400 kwasababu ya ndege, na ukifanya hivyo weka shuka jeupe sakafuni chini ya meza kabla hujafungua boksi, kipande kikiruka utakiona.

Gundi usinunue, ile nyembamba inayoyeyusha plastiki ninayo chupa mbili, ntakuletea moja pamoja na kidrili. Na bodi ijaribu ikiwa kavu kwanza, ifunge na tepu ilale usiku mmoja, uiangalie asubuhi kutoka omo.

Mama yako amesoma juu ya bega langu, anasema hilo la kwanza halijaisha na lisiishe kabisa, mitandio yake imeshazoea.

Baba yako