Wanafunzi wa uzamili wafundishwe kuigawa tasnifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu wanafunzi wa uzamili hapa Mwanza, ambao wengi wao humaliza masomo ya darasani kwa wakati kisha hukwama kwenye tasnifu, yaani andiko refu la utafiti wao. Kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri tasnifu kabla hazijafungwa jalada, hunijia wakiwa wamekwisha kuchelewa, na nikiwaomba ratiba zao huniletea karatasi yenye mistari mitano: sura ya kwanza mwezi fulani, ya pili mwezi unaofuata, hivyo hivyo hadi ya tano.

Karatasi ya namna hiyo haimsaidii mtu anayeketi kuandika saa mbili usiku baada ya kutoka kazini, kwani “kuandika sura ya pili” hakumwambii aanzie wapi. Lakini “kusoma makala tatu kuhusu bei ya dagaa na kuandika aya moja inayoonyesha zinapotofautiana” ni kazi ambayo hata mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha aweza kuimaliza kabla ya kulala. Kwa maoni yangu, kazi isiyomalizika kwa kikao kimoja bado haijagawanywa vya kutosha.

Ugawaji huo hautoki kichwani tu. Hutegemea mada yenyewe. Anayetaka kuwahoji wavuvi wa dagaa wa Igombe au Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, hana budi kujua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na kwamba mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika. Basi siku za mbalamwezi ndizo za mahojiano, na siku za giza, ambapo mvuvi hulala mchana, ni za kuandika. Kabla ya hapo kuna barua ya chuo, kibali cha mkoa, kisha wilaya na kata, na kila barua ina muda wake wa kusubiriwa. Halafu kuna kunakili mahojiano yaliyorekodiwa, kazi ambayo karibu kila mtu huisahau: saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne au zaidi kuandikwa, hasa msemaji anapochanganya Kiswahili na Kisukuma huku injini za mitumbwi zikinguruma nyuma yake.

Wala si lazima kufuata mpangilio wa sura. Sura ya mbinu ndiyo nyepesi kuanza nayo, maana sehemu kubwa imo tayari kwenye pendekezo la utafiti. Hubaki kubadili “utafiti utatumia” kuwa “utafiti ulitumia” na kueleza yaliyokwenda kinyume na mpango. Ikisiri, yaani muhtasari wa tasnifu nzima, iwe ya mwisho kuandikwa. Marejeo yaandikwe siku ile ile chanzo kinaposomwa.

Wasimamizi nao wana sehemu yao. Anayesema “niletee sura nzima ndipo nisome” humfanya mwanafunzi apotee miezi kadhaa, kisha apokee masahihisho ya kurasa arobaini kwa mkupuo. Naziomba idara za vyuo vyetu zikubali kupokea kurasa nne au tano kila baada ya wiki mbili, hata zikiwa mbichi, na fomu ya maendeleo itaje kazi ndogo zilizokamilika badala ya namba ya sura. Najua wasimamizi wamelemewa, ila kurasa tano husomwa kwa nusu saa, na kosa la ukurasa wa tatu likionekana mapema halitalazimu sura nzima kuandikwa upya.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza