Risiva iiache picha ipite

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya juzi iliyowafundisha wasomaji kurekebisha picha kupitia risiva ya sinema ya nyumbani. Mwandishi alisema tuingie kwenye menyu ya picha ya risiva, kontrasti tuipandishe, mwangaza tuupandishe, rangi tuikoleze, halafu tuwashe kipunguza chembe, yaani kinacholainisha vidoa vidogo vya picha. Akataja na namba kabisa, kana kwamba runinga zote zimezaliwa na mama mmoja. Mimi riziki yangu ni kufunga hiyo mitambo, na baadhi ya wateja wangu wamezifuata namba zile kama zilivyo. Sasa wananiuliza kwa nini usiku wa kwenye filamu umekuwa kijivu.

Kazi kubwa ya risiva ni sauti. Inachukua kinachotoka kwenye kicheza diski au kisimbuzi, sauti inaipeleka kwenye spika, picha inaipitisha kwenda kwenye runinga. Enzi za waya za analojia, zile za plagi ya njano, risiva ilikuwa na sababu ya kuishika picha, maana mara nyingine ilibidi iibadilishe na kuikuza. HDMI, waya mmoja wa kidijitali unaobeba picha na sauti, ilipotangazwa mwishoni mwa 2002, picha ikaanza kusafiri kwa namba, na namba zisipoguswa njiani zinafika zilivyotoka.

Zikiguswa, je? Katika video ya kawaida ya biti 8, ambapo mwanga wa kila nukta huandikwa kwa namba, weusi kamili ni 16 na weupe kamili ni 235. Mchezaji kavaa jezi nyeupe juani. Mikunjo ya jezi ile inakaa kwenye tofauti ndogo ya, tuseme, 220 hadi 235. Pandisha sana kontrasti ndani ya risiva, namba zote hizo zinasukumwa juu hadi zinagonga dari na kuwa kitu kimoja. Mikunjo imekwenda. Runinga haina habari kwamba iliwahi kuwapo, na hata ukishusha kontrasti yake utapata jezi ya kijivu isiyo na mikunjo.

Mwangaza ndio uliowaponza wengi zaidi. Mpangilio huo unagusa upande wa giza: unapandisha au kushusha weusi. Mwanga wa kioo chenyewe hurekebishwa kwingine, kwa runinga nyingi kwenye taa ya nyuma. Mteja mmoja alikuwa keshaamua kuiuza runinga yake. Alinionyesha mtu mwenye suti nyeusi kasimama kwenye korido ya giza. Suti kijivu, ukuta nyuma yake kijivu hicho hicho. Nikauchomoa waya wa kicheza diski kwenye risiva, nikauchomeka moja kwa moja kwenye runinga. Kola ikaonekana, vifungo vikaonekana, suti ikajitenga na ukuta. Akabisha: mbona kisimbuzi kinapitia risiva ileile na hakina tatizo? Kwa sababu risiva nyingi hutunza mipangilio ya picha ya kila ingizo peke yake. Alichokiharibu kwenye ingizo la kicheza diski hakikugusa lingine. Kipimo hicho cha kuiruka risiva hakihitaji fundi, na makala yenu ingeanza nacho.

Basi ushauri wangu ni kinyume cha wa mwandishi wenu: menyu ya picha ya risiva izimwe au irudishwe sifuri, picha irekebishwe kwenye runinga. Chagua hali ya sinema, na rangi iwe ya joto, karibu na kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) ambazo watengenezaji wa filamu hutumia. Wengi watasema picha imekuwa ya njano. Wavumilie, jicho linazoea. Kisha tafuta picha ya majaribio yenye mistari ya weusi. Zipo za bure kwenye intaneti. Kuna mstari mweusi kupita weusi wenyewe, na mwingine wenye mwanga kidogo tu kuliko weusi huo. Zima taa kama huwa unatazama gizani, shusha mwangaza hadi ule wa kwanza umezwe na wa pili uonekane kwa shida. Namba utakayoiona hapo ni ya runinga yako na chumba chako. Jirani hana haja nayo.

Kipunguza chembe nacho nakikataa. Filamu iliyopigwa kwa mkanda ina chembe zake halali, na kifaa hakijui kutofautisha chembe na makunyanzi ya mzee. Vyote kinavilainisha, mzee anabaki na uso wa nta.

Sisemi risiva isiguswe kabisa. Mwenye kanda za zamani za video ataona faida ya risiva kuikuza picha. Ucheleweshaji wa sauti lazima uwekwe sawa, midomo iende na maneno. Na lipo jambo moja ambalo makala yenu ililiruka wakati ndilo la maana kuliko yote: baadhi ya risiva hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa kiwango cha chini cha kupokea mawimbi ya 4K, yaani picha yenye nukta nyingi zaidi. HDMI 2.0, toleo la 2013, inabeba gigabiti 18 kwa sekunde, lakini ingizo lisipofunguliwa kwenye menyu, picha ya HDR, yenye weupe na weusi mpana zaidi, huenda isifike hata kama waya ni mzuri kiasi gani. Hilo ni la kuwasha mara moja na kusahau.

Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, aseme kwanza alitazama runinga gani, kwenye hali gani ya picha, chumba kikiwa na mwanga au giza. Na awaambie wasomaji kwamba menyu ya picha ya risiva ikififia na kukataa kubonyezwa wakati filamu ya 4K inacheza, risiva nyingi ndivyo zilivyotengenezwa. Tayari kuna mtu kaniletea yake akidhani imekufa.

Wenu,
Fundi wa mitambo ya sinema za nyumbani