YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHAKULA CHENU CHA VIFARANGA WA BATA NA JINSI NILIVYODHALILISHWA DUKANI KWENU MTWARA

Mikindani,
Mtwara.

Meneja Mkuu,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Habari za kazi. Nasalimia kwa sababu nimelelewa hivyo. Utaratibu wenu wa bidhaa zenye kasoro mnaujua kuliko mimi, tena mmeubandika ukutani dukani kwenu Mtwara mjini, juu ya kichwa cha kijana wenu aliyenicheka, kwa hiyo sitawapotezea muda kuwakumbusha. Nataka mjue kilichomo ndani ya mfuko wenu na kilichotendeka chini ya bango hilo.

Mfuko una picha ya kuku, na pembeni yake bata mweupe na vifaranga wake. Umeandikwa kuwa ni chakula cha kuanzia kwa vifaranga wa kuku na bata, mlo kamili usiohitaji kuongezewa kitu. Nimewaamini. Vifaranga wangu wa bata wametoka kwenye mashine ya kutotolesha, wakaingia kwenye maranda makavu, wakala chakula chenu na maji safi. Mwanzoni walikuwa wazima, wanakimbizana. Kisha mmoja akawa anachelewa kufika kwenye kinywesheo. Wakafuata wengine. Wakaanza kula wamekaa, wamekalia vifundo. Vifundo vikavimba, miguu ikapinda matege. Walioshindwa kabisa wakawa wanajivuta kwa mbawa, manyoya ya kifuani yamelowa na kunyonyoka, na pale kifundo kinapojisugua kwenye maranda pamefanya kidonda chenye gamba. Macho yanang'aa, hamu ya kula ipo, akiona umeshika bakuli anapiga kelele kama wenzake, ila miguu haimbebi.

Upande wa pili wa ua huohuo nina bata jike aliyeatamia mayai ya kundi lilelile. Wake wametotolewa wiki moja na hao wa mashine. Yeye anawazungusha kwenye tope la karibu na kisima, wanaokota konokono, minyoo na majani, wanapata mabaki ya ugali na vichwa vya dagaa. Mfuko wenu hawajauonja. Hakuna hata mmoja anayechechemea. Ua mmoja, damu moja, kilichowatofautisha ni chakula chenu.

Afisa mifugo wa kata alipofika hakuhitaji kukaa sana. Aliwashika miguu, akausoma mfuko, akasema huu ni upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Wataalamu wenu wa kuchanganya chakula wanalijua jambo hili, au waulizwe kwa nini hawalijui: kifaranga wa bata anahitaji miligramu 55 hivi za niasini katika kila kilo ya chakula, wakati kifaranga wa kuku wa nyama anatosheka na 35, na wa mayai na 27. Kuku ana uwezo mzuri zaidi wa kujitengenezea sehemu ya vitamini hiyo mwilini kutokana na protini. Bata uwezo huo ni mdogo, lazima aipate kwenye chakula. Na chakula chenu kwa sehemu kubwa ni mahindi, ambayo niasini yake imefungwa kiasi kwamba ndege hainufaiki nayo. Kwenye lebo mmeandika protini, kalsiamu na fosforasi. Vitamini hata moja hamkuitaja. Bata mmemchora, chakula chake hamkumwekea.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa kuku chakula chenu ni kizuri, na majirani zangu wa kuku wanakisifu. Lakini kumlisha bata kwa kipimo cha kuku ni kumshonea mtu mzima kanzu kwa kumpima mtoto wa jirani, halafu ikichanika kwapani mnamlaumu aliyeivaa.

Sasa nije dukani kwenu. Niliweka vifaranga kwenye boksi, nikapanda daladala mpaka mjini, nikapanga foleni kama wengine na risiti mkononi. Nilipofika mbele sikupewa hata shikamoo. Kijana wenu wa mauzo alichungulia ndani ya boksi, akauliza kwa sauti ya kusikika dukani pote, "Nani kaleta kitoweo ofisini?" Nikamweleza kwa upole, nikamwonyesha vifundo. Akamtoa mmoja, akamweka sakafuni kwenye vigae, akamwambia, "Haya tembea, bibi akuone." Kifaranga mwenye miguu ya matege kwenye vigae vinavyoteleza! Alianguka kifudifudi, miguu ikamtawanyika huku na huku. Watu wakacheka. Kijana akanigeukia akasema, "Bibi, bata tangu lini akatembea vizuri? Mwendo wa bata ndiyo huohuo. Mpeleke jikoni kabla hajakonda." Nikaomba fomu ya malalamiko. Akasema fomu ziko Dar es Salaam.

Basi nikapiga simu huko Dar es Salaam kwenye fomu. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, namshukuru, akaniunganisha na mtu aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wenu wa lishe. Huyo sababu hazikumwishia. Kwanza akasema nimewaweka kwenye magazeti wakateleza. Nikamwambia banda lina maranda tangu siku ya kwanza, na kifaranga aliyeteleza miguu humwendea pembeni mapema kabisa, haanzi kwa kuvimba vifundo akiwa ameshakua. Halafu akasema labda nimewachanganyia mashudu ya karanga yenye ukungu. Ndugu Meneja, mimi ni mtu wa Kusini, karanga nimezilima kabla kampuni yenu haijazaliwa. Najua kifaranga wa bata hana uvumilivu kabisa na sumukuvu, na wataalamu wanalijua hilo tangu 1960, pale batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa unga wa karanga, na vifaranga wa bata nao wakafa. Lakini aliyekula sumukuvu huharibika ini, huacha kula, hudhoofika na kufa. Wangu wanakula mpaka wanagombania bakuli. Tena mashudu ningeyatoa wapi, wakati mfuko wenu umenikataza kuongeza kitu?

Alipobanwa ndipo akatoa lililokuwa moyoni: "Mama, hicho ni chakula kilekile cha kuku. Watu wa masoko ndio walioongeza picha ya bata." Nimeliandika neno kwa neno, na simu zenu mnasema zinarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Isikilizeni hiyo.

Baada ya hapo nikapokea ujumbe kwenye simu: "Malalamiko yako yamefungwa. Asante kwa kuendelea kuwa mteja wetu." Nani kayafunga? Mimi sijayafunga.

Afisa mifugo alinipa vitamini B za kuchanganya kwenye maji, akanielekeza niongeze dagaa wa kusaga na pumba za mpunga, ambazo zina niasini nyingi. Walioanza kuchechemea karibuni walinyooka baada ya siku chache tu, wakasimama, wakaanza kukimbia. Hapo mjiulize wenyewe: kama ni ukoo, kama ni sakafu, kama ni sumukuvu, mbona vitamini imewasimamisha? Waliotangulia kulemaa hawakupona. Ukano umeshachomoka kwenye kifundo, mguu umeelekea upande, hata ukiwapa vitamini gunia zima haurudi. Hao ndio niliowaleta kwenu kwenye boksi.

Na hapa naomba mnisamehe nirudi dukani, kwa sababu hapo juu nimelisema jambo hili kwa ufupi na kwa heshima kuliko linavyostahili. Yule kijana hakumtoa kifaranga kwenye boksi kwa kumkumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayefanya kazi kampuni ya mifugo. Alimnyanyua kwa mguu mmoja, tena ule uliovimba, kichwa chini, akilia. Nikasema, "Mwanangu, mguu huo unamuuma." Akaniangalia, akamwachia juu ya vigae. Sikusema "akamweka" sasa, nasema akamwachia. Mwenzake wa kaunta ya pili akainua simu akarekodi. Kifaranga akawa anapiga mbawa, anazunguka palepale, hawezi kuinuka, na kijana wenu anapiga makofi anasema tembea, tembea. Nilipoinama kumwokota, mimi mwanamke wa umri wangu, nimepiga goti mbele ya foleni na khanga imenidondoka begani, aliyerekodi alinirekodi na mimi. Nyuma ya kioo alikuwepo msimamizi wenu wa tawi. Aliona yote. Aliinua kikombe chake cha chai akageuza kiti. Jioni mjukuu wangu akaniletea simu akiniuliza, "Bibi, huyu si wewe?" Picha ilikuwa kwenye status ya mfanyakazi wenu, imeandikwa mashindano ya urembo ya bata.

Nimefuga miaka mingi, vifaranga wangu wamekufa kwa mdondo, wamechukuliwa na vicheche na kunguru, na sijawahi kumwandikia mtu barua. Kufiwa na mifugo nimezoea, kuchekwa na niliyempa fedha zangu sijazoea.

Nilipokuwa naanza kuandika nilikusudia kudai fedha za mifuko peke yake. Kadiri nilivyoendelea nimeona hazitoshi. Basi nirudishieni fedha za mifuko yote, risiti nimeambatanisha. Mnilipe pia gharama za vifaranga waliolemaa, gharama za kutotolesha, dawa, na amana za wateja wa Idi ambazo imenibidi nizirudishe, kwa sababu hakuna anayenunua bata asiyesimama. Picha ifutwe, na walioirekodi waje Mikindani kuniomba radhi mbele ya majirani walioiona. Kuomba radhi kwa ujumbe wa simu sitakubali, maana nimeshaona jumbe zenu zinavyofunga mambo. Msimamizi wa tawi aje pamoja nao. Mlango anaujua kila dereva wa bajaji, kwa bibi wa bata.

Na picha ya bata itoke kwenye mifuko yenu, au wekeni ndani yake kinachomtosha bata na mkiandike kwenye lebo kwa miligramu. Sisemi hili kwa ajili yangu peke yangu. Mfugaji mwenzangu wa Mingoyo, kule Lindi, vifaranga wake wamekalia vifundo kwa mfuko uleule, na mwingine wa Naliendele kashawachinja wote akidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Yeye hakuambiwa kwamba tiba ni vitamini ya bei ndogo. Mtaalamu wenu ananiambia Kusini nzima nimelalamika mimi tu. Wengine watalalamikaje wakati fomu ziko Dar es Salaam?

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Ninao mfuko wenu mmoja ambao haujafunguliwa, uzi wa kiwandani ungalipo na namba ya toleo inasomeka. Siku ya 15 nitaupeleka Wakala wa Maabara ya Veterinari hapa Mtwara upimwe, na barua ya malalamiko itakwenda Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hairuhusu mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na picha ya bata juu ya chakula cha kuku sijui mtaiita nini kama si upotoshaji. Ipo pia Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, mwanasheria wenu ataifungua mwenyewe. Nikikaa kimya mpaka hapo, nitakuwa nawaheshimu. Baada ya hapo nitakwenda na boksi langu la vifaranga mpaka kwenye mkutano wa wafugaji na kwenye redio, na hao hawataambiwa kwamba kampuni ni nzuri kwa kuku.

Mkitaka kunipigia, nipigieni mchana, na apige mtu mwenye mamlaka ya kulipa. Yule mtaalamu wa magazeti na ukungu asinipigie tena.

Wenu katika biashara, kwa sasa,

Mfugaji wa bata,
Mikindani.

Viambatanisho: risiti za mifuko, picha za lebo, mbele na nyuma, picha za vifundo, maelezo ya afisa mifugo wa kata, nakala ya picha ya status, kabla hamjaifuta.

Nakala kwa: Msimamizi wa Tawi, Mtwara, akamilize chai yake kwanza.