Sheria ya video za kuponda wanyama haihukumu matamanio

Ndugu Mhariri,

Wanaopinga sheria ya Marekani dhidi ya video za kuponda wanyama, yaani za mnyama akikanyagwa hadi kufa ili kumtia mtazamaji ashiki, husema inaadhibu matamanio ya mtu. Sivyo. Mtu aweza kuwa na uchu wa ajabu kichwani mwake na asivunje kifungu chochote. Hata DSM-5, mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa 2013, huuita uchu huo ugonjwa pale tu unapomtaabisha mwenyewe au kuwadhuru wengine. Na katika video hizi yupo anayedhurika: kiumbe hai anayeuawa polepole ili mteja aliyelipa apate ashiki.

Kwa nini kuigusa video, ilhali ukatili wenyewe ulishakatazwa majimboni? Kamera hukaa chini ya magoti. Kinachoonekana ni kiatu, sakafu na mnyama. Hakuna uso, tarehe wala mahali. Mwendesha mashtaka alikosa wa kumshtaki, na biashara ikaendelea.

Bunge lilipotunga sheria mwaka 1999 lilikosea vibaya. Lilikataza kuuza picha za mnyama akijeruhiwa au kuuawa ikiwa tendo hilo ni haramu pale zinapouzwa. Kwa kuwa uwindaji ni marufuku Washington, D.C., video ya uwindaji halali wa jimbo jingine ingeweza kumtia muuzaji hatiani huko. Aprili 2010, katika kesi ya Stevens aliyeuza video za mapigano ya mbwa, Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo kwa kura 8 dhidi ya 1, kwa kuwa ilibana mno uhuru wa kujieleza.

Sheria ya Desemba 2010 ni finyu, na ufinyu huo ndio ulioiokoa. Mnyama awe mamalia, ndege, mtambaazi au amfibia. Tendo liwe la kweli na la makusudi. Na video iwe chafu kwa maana ya kisheria, yaani ya kuamsha ashiki kwa namna ya kuchukiza. Kifungo ni hadi miaka 7.

Kwenye neno hilo "chafu" ndipo saikolojia inapoingia mahakamani. Wakili wa utetezi atasema hakuna aliyevua nguo, na mtu wa kawaida akiitazama atatapika, hatawaka tamaa. Jibu lipo tangu kesi ya Mishkin ya 1966: kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kundi lenye uchu maalumu hupimwa kwa uchu wa kundi hilo. Kwa hiyo ushahidi mzito mara nyingi uko pembeni mwa mateso yenyewe: kichwa cha video, maneno ya tangazo, ujumbe wa mteja akichagua aina ya kiatu. Mpelelezi anayechukua video na kuuacha ujumbe huo amejinyima nusu ya kesi.

Tangu Novemba 2019 kuponda kwenyewe ni kosa la shirikisho, yaani la serikali kuu, pale kunapogusa biashara kati ya majimbo au kunapotokea kwenye maeneo ya shirikisho, kurekodiwe au kusirekodiwe. Kumiliki tu video hizi nyumbani bado si kosa chini ya kifungu hiki, kwa sababu kesi ya Stanley ya 1969 inalinda umiliki wa faragha wa vitu vichafu. Hilo linaniuma, lakini naona ni heri sheria inayosimama.

Wanaosambaza video hizi kwa hasira, "watu waone", naomba waache. Sheria imeacha mlango wa nia njema kwa kuipeleka polisi, au kwa mtu wa kuichambua tu ili aamue kama iende huko. Kundi la marafiki halimo. Nakili anwani ya ukurasa, jina la akaunti na saa, kisha ripoti.